Muulize Fundi: Diski nne za kuediti video, nizipange vipi?

Mwezi huu maswali yamemiminika na karibu yote ni ya kitu kimoja, watu wa video wamechoka na eksteno zilizotapakaa mezani wanataka kuhamia kwenye boksi la diski nyingi, hizo RAID mnazozisikia kila siku, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Nimeona safu nzima iwe hiyo tu. Wa simu na printa mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Mimi na mwenzangu tuko Sinza hapa Dar, tunapiga harusi, send-off, kitchen party, siku hizi mpaka ubarikio. Kamera tatu zote Sony A7 III, tunashuti 4K. Mafaili yako kwenye eksteno ndogo za USB, zimefika saba sasa, na juzi moja imeanguka ikaanza kugonga ndani kwa ndani na ndo basi tena, ilikuwa na send-off ya watu. Halafu nikiweka kamera tatu pamoja kwenye taimlaini inakwamakwama mpaka hasira. Tumepata hela kidogo tunataka boksi la diski nne za 8TB. Muuzaji mmoja anasema weka RAID 0 itapaa, mwingine anasema 5, mwingine anasema kama sio 10 bora usinunue kabisa. Tumsikilize nani?

FUNDI: Poleni sana na hiyo send-off. Kabla hamjatoa hela tupige hesabu, maana wote watatu wamewajibu bila hata kuwauliza mnasukuma data kiasi gani. A7 III ikirekodi 4K kwa kiwango chake cha juu inatoa megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa nane unapata megabaiti 12.5. Kamera tatu zikicheza pamoja ni 37.5, basi. Diski moja tu ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ikiwa nzima na haijajaa, inasoma faili kubwa kwa megabaiti 200 kwenda juu kwa sekunde. Sasa mbona kwenu inakwama?

Kuna mambo mawili hapo na watu wanayachanganya sana. La kwanza ni prosesa. Faili la kamera yenu limebanwa kwa H.264, humo ndani fremu nyingi sio picha kamili, zimeandika tu nini kimebadilika kulinganisha na fremu za jirani, kwa hiyo ukigusa katikati ya klipu kompyuta inabidi irudi kwenye fremu kamili ya nyuma ianze kukokotoa mpaka ifike pale ulipogusa, na inafanya hivyo mara tatu maana kamera ni tatu. Hapo hata ununue boksi la milioni ngapi hakuna kitakachobadilika. La pili ni eksteno zenyewe. Kamera tatu ni mafaili matatu yaliyokaa sehemu tatu tofauti za diski, na mkono unaobeba vichwa vya kusomea ni mmoja, unarukaruka huku na huku, na kila kuruka zinapotea milisekunde kumi na kitu, kwa hiyo ile spidi iliyoandikwa kwenye kasha hamuioni kamwe.

Jipimeni leoleo kabla ya kununua chochote. Chukua klipu ya dakika tano ya kila kamera, kopi zote tatu kwenye SSD ya ndani ya kompyuta, ziweke kwenye taimlaini ucheze huku umefungua Task Manager pembeni. Kama bado inakwama na prosesa imegonga 100, diski haina kosa, tengenezeni proksi, yaani nakala nyepesi za video za kuedítia tu. ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 25 ni megabiti 38 tu kwa sekunde, haifiki hata megabaiti 5, na kila fremu inajitegemea kwa hiyo mashine haihangaiki. Kama imecheza laini kabisa, basi eksteno ndo mchawi wenu.

Ila kama nyie ni wale wa kugeuza kila kitu kuwa ProRes 422 HQ kabla ya kugusa mkasi, hesabu inakuwa nyingine. 4K ya fremu 25 kwa HQ ni megabiti 737, yaani kama megabaiti 92 kwa sekunde kwa kamera moja, tatu ni 276, na saa moja ya kamera moja inakula gigabaiti 330 na ushee wakati faili la kamera lilikuwa linakula 45. Hapo ndo boksi linaanza kuwa la lazima.

Haya, sasa namba. Kwa diski nne za 8TB, RAID 0 inawapa 32TB zote na spidi ya diski nne zikijumlishwa, lakini kila video imekatwa vipande vikagawiwa diski zote, kwa hiyo moja ikifa video zote zimetobolewa, ndo mwisho wa habari. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data na kutangaza takwimu za diski zake, mwaka 2024 walipoteza asilimia 1.57 ya diski kwa mwaka. Ukiwa na nne maana yake ni kama nafasi 6 kati ya 100 kila mwaka kwamba harusi zote zinaondoka siku moja, na hao diski zao zinalala kwenye AC na umeme haukatiki. Muuzaji aliyewaambia RAID 0 bila kuuliza bekapu iko wapi msirudi kwake.

RAID 5 inawapa 24TB na diski yoyote moja ikifa kazi inaendelea. RAID 10 inawapa 16TB, diski zinakaa wawiliwawili kila moja na pacha wake, ikifa moja uko salama, zikifa mbili inategemea kama ni mapacha au la. RAID 6 nayo ni 16TB lakini hapo zinaweza kufa zozote mbili. Na msishtuke Windows ikiwaonyesha 21.8 badala ya 24, hamjaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa elfuelfu na Windows inahesabu kwa 1,024.

Kwa kazi yenu mimi nawaambia RAID 5, kwa sharti moja nitakalolisema sasa hivi. Watu wanaisema vibaya RAID 5 kwamba inaandika polepole, na ni kweli kwa mafaili madogomadogo, kwa sababu kubadilisha kipande kidogo inabidi isome data ya zamani, isome pariti ya zamani (ile hesabu ya akiba inayotumika kurudisha data ya diski iliyokufa), iandike data mpya, iandike pariti mpya, kazi nne badala ya moja. Video lakini inaingia kwa mafungu makubwa, mstari mzima kwenye diski zote unajazwa kwa mpigo na pariti inakokotolewa hapohapo bila kusoma cha zamani. Vitu vidogovidogo vinavyoisumbua ni kache, zile picha ndogo, mawimbi ya sauti na vipande vya kurenda, na hivyo havitakiwi kukaa kwenye boksi kabisa, viwekeni kwenye NVMe, ile SSD ya kasi ya ndani ya kompyuta. Kwenye Premiere ni Media Cache, kwenye Resolve ziko kwenye Project Settings. Hata NVMe ya 500GB inatosha na ikifa hamjapoteza kitu, kache inajitengeneza upya.

Sharti ni hili: siku diski moja ikifa, mkaweka mpya, boksi linaanza kuijenga upya, na 8TB kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni karibu saa 15 hata kama hamligusi. Mkiendelea kuediti juu yake ni siku mbili na zaidi. Muda wote huo hamna ulinzi wowote na zile tatu zilizobaki zinasomwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, zina umri uleule, zimenunuliwa duka lilelile siku ileile, mnanielewa. Diski nyingi za kawaida kiwanda kinaahidi zisishindwe kusoma zaidi ya mara moja kwa kila biti trilioni 100, ambazo ni kama 12.5TB, na nyie mtakuwa mnasoma 24TB. Kiuhalisia diski zinafanya vizuri kuliko hiyo ahadi, msilale macho, lakini ndo sababu lazima kazi zote ziwe na nakala nyingine nje ya boksi. RAID imetengenezwa ili kazi isisimame Ijumaa mchana wakati bibi harusi anasubiri, haijui kabisa mambo ya kufuta kwa bahati mbaya, mwizi, wala virusi vinavyofunga mafaili. Kama hela haitoshi boksi na bekapu kwa pamoja, nunueni boksi la diski mbili mziweke RAID 1, yaani zote mbili zibebe data ileile, na diski moja kubwa ya bekapu inayokaa nyumbani kwa mmoja wenu. Bora hivyo.

Upande wa mipangilio sio mingi. Boksi likiuliza ukubwa wa kipande, wanakupaga 64, 128 au 256KB, chagua kubwa, video inapenda kubwa. Acheni asilimia 15 mpaka 20 wazi siku zote, diski ya kuzunguka inaanza kujaza ukingo wa nje ambako ni kasi halafu inaingia ndani, kule mwishoni spidi inashuka mpaka karibu nusu. Washeni zile arifa za barua pepe, maana RAID 5 ikipoteza diski inaendelea kama kawaida na taa nyekundu iko nyuma ya meza inamulika ukuta, watu wanakuja kujua ya pili inapokufa.

Kuhusu boksi lenyewe, angalieni RAID inafanywa na nani. Kuna maboksi yana chipu ndani, unachagua namba kwa swichi ndogo ya nyuma, rahisi sana, ila chipu ikifa diski zako nzima kabisa haziwezi kusomwa mpaka upate boksi lingine la aina ileile na huenda halitengenezwi tena. Mi napenda RAID ya softiwea. NAS nyingi, yaani maboksi ya diski yanayokaa kwenye mtandao, ndani ni Linux tupu na diski zake mara nyingi zinafunguka hata kwenye kompyuta nyingine ya Linux. Kwa wa Mac, Disk Utility inatengeneza 0 na 1 na kuunganisha diski tu, RAID 5 haina, na kwa Windows ile ya pariti kwenye Storage Spaces inaandika taratibu mno.

Na kebo jamani. Zile za Type-C zinafanana zote kwa macho, lakini nyingi zilizokuja na chaja ya simu ndani ni USB 2, ukichomeka boksi lako jipya kwa hiyo utapata megabaiti kama 40 kwa sekunde uanze kutukana diski. Tumia iliyokuja na boksi, iandike kwa maka peni, na asiitumie mtu kuchajia simu.

SWALI: Vipi Fundi, mimi niko Mombasa. Nimezunguka maduka nikitafuta diski za kujaza NAS yangu, nakuta za CCTV ndizo rahisi na ziko tele, kuna za kompyuta ya mezani, kuna zilizoandikwa NAS bei juu, na kuna mtu ana zile za seva "mpya" bei ya kutupa. Zote 8TB, zote zinazunguka. Tofauti iko wapi hasa ama ni stika tu?

FUNDI: Stika kidogo, lakini sio yote. Kitu cha kwanza cha kuuliza ni CMR au SMR, yaani mistari ya data imepangwaje. CMR mistari haijalaliana. SMR mistari ya data imelaliana kama makuti kwenye paa, inaingiza data nyingi kwenye eneo lilelile, ila ukitaka kubadilisha kuti moja lazima uinue na yaliyolala juu yake, kwa hiyo ukiiandikia mfululizo kwa muda mrefu inaanza vizuri halafu ghafla inaporomoka mpaka makumi machache ya megabaiti kwa sekunde. Kwenye RAID balaa linakuja siku ya kujenga upya, diski inachelewa kujibu mpaka mfumo unaamua imekufa unaitupa nje. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red zao za 2TB mpaka 6TB zilikuwa SMR bila kuandikwa popote, watu waliziweka kwenye NAS wakaisoma namba, baadaye ndo wakatenganisha majina, WD Red Plus ikawa CMR. Seagate IronWolf ni CMR. Barracuda za mezani nyingi za ukubwa huo ni SMR. Usimuulize muuzaji, chukua namba ya modeli kwenye stika uitafute kwenye karatasi ya kiwanda, kiwanda siku hizi wanaandika.

Cha pili ni tabia ya diski ikikuta sekta mbovu. Ya mezani inang'ang'ania, inajaribu tena na tena hata dakika nzima maana inajua iko peke yake. Ya NAS inajaribu kama sekunde 7 halafu inasema nimeshindwa, na RAID inachukua kile kipande kutoka kwa wenzake, maisha yanaendelea. Ukiweka ya mezani, ule ukimya wake RAID inausoma kama kifo.

Za CCTV zimezoea kuandika usiku na mchana bila kupumzika, hilo ni zuri, lakini zimepangwa zisichelewe kuandika hata kama biti moja mbili zitaharibika, kwa kamera ya getini nani atajua. Kwa bekapu sio mbaya kama ni CMR. Kwa boksi la kuediti mimi siziweki.

Hizo za seva bei ya kutupa uwe macho. Mwanzoni mwa 2025 kule Ujerumani iligundulika diski za Seagate Exos zilizokwisha fanya kazi miaka zinauzwa kama mpya, saa za kazi kwenye SMART, ile rekodi ya afya ya diski, zimerudishwa sifuri, na kilichowaumbua ni rekodi nyingine ya ndani inaitwa FARM ambayo hawakuigusa. Ukiwa na Linux, programu ya smartctl kuanzia toleo la 7.4 inaisoma hiyo FARM, linganisha saa za huku na za kule. Kwa diski nyingine yoyote nenda na laptopu yako dukani, fungua CrystalDiskInfo, angalia mistari ya 05 na C5, hiyo ni sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Kwenye diski mpya zote ziwe sifuri. Muuzaji akikataa usipime mrudishie diski yake. Na kama unaweza nunua mbili duka hili na mbili duka lingine, ili zisitoke kiwandani siku moja.

SWALI: Sema Fundi, tuko Nairobi, maedita wanne kwa ofisi moja. Tumeweka NAS ya diski sita, RAID 6, kila mtu anaediti moja kwa moja kutoka huko kupitia swichi ya kawaida ya gigabiti. Mtu mmoja akifanya kazi iko sawa, wawili inaanza kushikashika, wote wanne ni stress tupu. Mtu wa IT anasema tuongeze SSD ya kache kwa NAS. Itasaidia ama ni pesa ya bure?

FUNDI: Pesa ya bure, karibu yote. Diski sita zikisoma mfululizo zinaweza kutoa megabaiti 500 na zaidi kwa sekunde, lakini waya mmoja wa gigabiti unapitisha kama 110, na nyie wanne mnagawana huo mmoja unaotoka kwenye NAS. Hata ungeweka diski za dhahabu mlango ni uleule. Kache ya SSD inasaidia vitu vidogo vinavyosomwa mara kwa mara, hifadhidata, mafaili ya ofisi. Video ni faili refu linalosomwa mara moja mwanzo hadi mwisho na NAS nyingi zinaiacha ipite bila kuiweka kwenye kache.

Fanyeni hivi, NAS iwe na kadi ya gigabiti 10, nyingi zina nafasi ya kuongeza, swichi iwe yenye mlango mmoja au miwili ya 10 na mingine ya 2.5, halafu kila edita apate 2.5, ambayo ni kama megabaiti 280 kwa sekunde kila mtu. Raha yake ni kwamba 2.5 inapita kwenye waya uleule wa Cat5e uliopo ukutani, huchimbi kitu. Waya wa NAS kwenda swichi ndo uweke Cat6, inabeba 10 mpaka mita 55, ukizidi hapo Cat6A inafika 100. Kuna mtu atawaambia mfunge nyaya mbili za gigabiti pamoja mpate mbili, hiyo inagawa watu tu, mtu mmoja akivuta faili moja bado anapita kwenye waya mmoja. Ile ya kupandisha ukubwa wa pakiti za mtandao mpaka baiti 9000 achaneni nayo kwanza, kifaa kimoja kikisahaulika mtandao unaanza vituko ambavyo hakuna atakayejua vimetoka wapi.

Kache za programu kila mtu kwenye mashine yake, nimeshasema juu kwa jamaa wa Sinza. Kuna ofisi naijua wote wanne walikuwa wanarenda kache kwenye NAS, yaani kila mtu anasoma na kuandika kwa wakati mmoja, diski za kuzunguka zinachanganyikiwa, walipohamisha tu kache nusu ya kelele iliisha kabla hata ya kununua swichi. Anzeni na hilo, ni bure. Na edita wa Wi-Fi kama yupo mpeni waya.

SWALI: Assalamu alaykum Fundi. Mie niko Unguja, nina boksi la diski nne RAID 5. Umeme ukikatika ukarudi linaanza kufanya kazi lenyewe saa nyingi, taa zinawaka tu, spidi inakuwa mbovu, halafu linakaa sawa. Juzi likaniandikia Degraded na kuna kitufe kimeandikwa Initialize. Nikibonyeze?

FUNDI: Waalaykum salaam. Usibonyeze! Kwenye maboksi mengi Initialize maana yake anza upya, futa kila kitu. Kama imeandika Degraded ina maana diski moja imetoka na tatu bado zinakushikia data yako, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukopi kila ambacho huna nakala yake, sasa hivi, kabla ya kununua diski, kabla ya kuzima na kuwasha, kabla ya kumwita mtu. Ukimaliza ndo tafuta ipi imekufa kwa namba yake ya kiwanda, serial, sio kwa kuhesabu nafasi kutoka kushoto, maboksi mengine yanaanza kuhesabu sifuri na mengine moja, na ukichomoa nzima ukaiacha mbovu umeiangusha nyumba. Ndo maana siku ya kufunga boksi unaandika tarakimu nne za mwisho za serial kwenye karatasi unabandika mbele ya kila trei.

Hiyo ya kufanya kazi lenyewe umeme ukirudi ni kwamba linakagua. RAID 5 inaandika data halafu pariti, umeme ukikatika katikati kimoja kinakuwa kipya kingine cha zamani na hakuna anayejua mpaka siku diski inakufa na pariti inatakiwa, hapo unaletewa takataka. Kwa hiyo liache limalize, usilizime kwa kukosa subira. Lakini dawa ni UPS, na sio UPS tu, iwe ile yenye waya wa USB wa kuzungumza na NAS au kompyuta, ili betri ikishuka mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu. Wa Unguja sina haja ya kuwafundisha habari za umeme, mliokaa gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ila UPS nyingi ninazokutana nazo zimenunuliwa zikasahaulika, betri ndani imeshakufa inapitisha umeme tu. Kila baada ya miezi michache chomoa plagi ukutani uangalie inashika dakika ngapi. Kama huna UPS kabisa, zima kache ya kuandika kwenye mipangilio ya boksi, spidi itapungua lakini haitakuwa inakudanganya imeandika wakati bado. Na kama umelifomati exFAT ili lisome Mac na Windows, hiyo ndo inaumia zaidi na umeme maana haina journal, ile kumbukumbu ya vilivyokuwa vinaandikwa, ya kurudia, kwa Windows weka NTFS, kwa Mac na diski za kuzunguka weka Mac OS Extended. Ukisha kopi vyote lakini, kufomati kunafuta.

SWALI: Fundi mambo, niko Arusha, napigia kampuni za utalii video za porini. Nimenunua kiboksi kidogo cha SSD mbili, nimeweka RAID 1, naenda nacho Serengeti siku kumi, jioni namwaga kadi humo nafuta kadi kesho nashuti tena. Hiyo si tayari nakala mbili?

FUNDI: Ni nakala moja na nusu, kaka. Ukifuta folda kwa bahati mbaya zinafuta zote mbili kwa sekunde hiyohiyo, kiboksi kikiingia maji ni zote mbili, na viko kwenye begi moja kwenye gari moja. Zitoe humo ndani, tumia SSD mbili mbalimbali, kopi mara mbili, moja ilale kwako moja ilale kwa dereva au kwenye begi la mtu mwingine. Kukopi usiburute na panya tu, DaVinci Resolve hata ile ya bure ina kitu kinaitwa Clone Tool kwenye ukurasa wa Media, kinakopi kadi nzima kwenda sehemu mbili kwa pamoja halafu kinahakikisha nakala zimefanana na kadi. Ukifika mjini ndo unamwaga kwenye RAID yako kubwa. Mambo ya kupandisha mtandaoni kwa video ghafi sahau, 1TB kwa laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde ni siku nne na nusu usiku na mchana bila kukatika, pandisha zile zilizokwisha editiwa tu. Na nunua kadi zaidi, siku kumi porini kadi zisifutwe kabisa kama unaweza, zile ndo nakala yako ya tatu na haihitaji umeme.